Tangawizi ya Moto Kwenye Friza

Pale Kasumbalesa, mpakani mwa Katanga, malori ya shaba na kobalti hupanga foleni yakingoja kuvuka kuingia Zambia, na dereva aliyekaa kutwa kwenye kabini yenye joto habembelezwi kununua kitu baridi. Kijana mmoja akaiona riziki hapo. Akawa anauza jusi ya tangawizi iliyogandishwa kwenye sashe, kwa friza yake moja.

Siku moja akasikia redioni habari za Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Tanganyika. Mwaka 1963 Mpemba aliwahi kuingiza maziwa ya moto kwenye friza asije akakosa nafasi, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Kijana akaruka: kumbe dawa ni kuchemsha!

Tusimwonee, alijaribu kwanza. Usiku huo akapanga sashe kumi za moto chini kabisa, juu ya barafu iliyoshika friza, na kumi za baridi akazilaza karibu na mfuniko. Alfajiri za moto zilikuwa mawe, za juu bado zinabonyea. Basi akanunua gunia la makaa, akawa anachemsha kila kitu.

Haikupita wiki, madereva wakawa wanamrudishia sashe. Friza ilijaa vitu vya moto ikashindwa, asubuhi anatoa uji. Akalaumu umeme, akalaumu friza, akailaumu na tangawizi.

Mdogo wake wa kike, bado mwanafunzi, akamsikiliza mpaka mwisho. “Yaya,” akasema (ndivyo Wakatanga wanavyomwita mkubwa wao), “za baridi zilishawahi kulala chini?”

Hazikuwahi. Alikuwa amebadili vitu viwili kwa pamoja, joto na mahali, kisha sifa zote akakipa kile alichokuja nacho kichwani. Mpemba mwenyewe alirudia jaribio, akichekwa na wenzake, Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam naye akapima, ndipo wakachapisha pamoja mwaka 1969. Na bado neno halikuisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima upya huko Uingereza, wasiyaone maji ya moto yakitangulia kupoa. Wakaonyesha kwamba kipimajoto kikiwekwa juu au chini kidogo tu ndani ya chombo, jibu linaweza kugeuka. Mahali tena!

Binti akachukua kalamu ya wino mzito. Akaandika M kwenye sashe tano na B kwenye tano, jusi kipimo kilekile, zote akazilaza chini: za moto kushoto, za baridi kulia. Saa tano usiku wakafungua. B zimeshika, M bado laini. Kesho yake akazibadilisha pande. B tena.

“Na kesho,” akasema, akiandika kwenye daftari lake la shule.

“Kesho ya nini? Si tumeshaona?”

“Na mara ile ulisema umeona, yaya.”

Makaa yaliyobaki yanapikia bukari, ugali wa huko.