Saa Mbili za Bibi

Swali namba 17 la dodoso langu lilisema: "Mtoto hujisomea nyumbani saa ngapi kwa siku?" Nililiandika mwenyewe, chumbani Dodoma, nikaliwekea kinyota chekundu. Kinyota maana yake usipojibu huendi mbele. Kisanduku chake kilipokea tarakimu tu.

Mwezi wa saba nilikuwa upande wa Mtinko, Singida. Alizeti ilishavunwa na upepo ulikuwa ule wa kwetu, wa kukausha midomo. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya bibi anayelea mjukuu wa darasa la nne, kishikwambi mapajani. Nikamwamkia, akaitikia, nikasoma swali kama lilivyo.

"Saa ngapi?" akarudia. "Akishatoka kisimani, mbuzi wakishaingia."

Alinijibu sawasawa. Mwenye Kiswahili kibovu nilikuwa mimi. Nikauliza upya: je, anasoma kwa muda gani?

"Mpaka chaji iishe, mjukuu wangu."

Nyumba ile ilikuwa na simu moja ndogo, na tochi yake ndiyo taa ya kusomea. Huchajiwa kwa jirani mwenye sola, kwa hela. Siku hela haipo, mtoto analala na giza lake. Bibi aliyaeleza haya taratibu, bila kulalamika, nami nikawa naitikia huku kidole kikielea juu ya tarakimu. Nikaandika 2. Likaja swali namba 18.

Kant, aliyekataza uongo hata kwa muuaji anayebisha hodi, hakuwahi kukutana na kinyota chekundu. Lakini sidhani kama angenionea huruma. Wakati ule sikuona kama nimedanganya. Niliona nimekadiria.

Utafiti wetu ulihusu masomo ya kwenye vishikwambi: kama yanaweza kuwafikia watoto wa vijijini, na kwa namna gani. Si ndoto ya hewani. Mkoani Tanga, kwenye shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu. Vilichajiwa kwa umeme wa jua. Kabla ya kuanza, zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10.

Kila nikitaja matokeo hayo darasani, wenzangu hushangilia ile nusu iliyosoma. Mimi siku hizi naiwaza ile nyingine. Huenda kila mmoja wao alikuwa na jibu lake la "mpaka", na huenda hapakuwa na pa kuliandika.

Maana 2 yangu si kosa dogo la hesabu. Inasema nyumbani kwa bibi kuna saa mbili za utulivu na mwanga kila siku. Mtu mwema, ofisini, mwenye bajeti, anaweza kuichukua akatengeneza somo la saa mbili za jioni. Likifika Mtinko halitakuta chaji, na tathmini itasema mtoto hakujibidiisha.

Karatasi nayo hudanganya, najua. Lakini karatasi ina pembezoni. Karani wa zamani aliyepewa jibu lisilotosha kisanduku aliinamisha kalamu akaandika ubavuni: "anategemea tochi." Fomu yangu haikuwa na ubavu, na aliyeukata ni mimi, kwa sababu nilitaka data safi.

Kijijini hapo kuna mwalimu mwenye kishikwambi ambacho serikali iliwagawia walimu baada ya Sensa ya Agosti 2022, ambayo ilifanywa kwa vishikwambi. Mwalimu hupita nacho katikati ya madawati, kila mtoto aione picha ya moyo unavyosukuma damu. Darasa zima, kifaa kimoja, kipindi kinaisha hajafika nyuma. Nilimwonea wivu. Chake kilikuwa kinawapa watoto kitu. Changu kilichukua jibu la bibi na kulibadilisha njiani.

Niliporudi Dodoma nilipitia kaya zote 64, nikijiuliza moja moja. Kumi na tatu nilikuwa nimezibunia tarakimu. Nikamwambia msimamizi wangu. Alinyamaza, kisha akasema nizifute hizo 13, wastani hautatikisika.

Nilijaribu. Niliteua safu ya bibi nikaiona ikigeuka bluu, tayari kufutika: kisima, mbuzi, simu ya tochi, vyote. Kumzushia jibu lilikuwa kosa. Kumfuta nako kungekuwa kusema sikuwahi kuketi kwenye kigoda chake.

Nikaiacha safu, nikaondoa 2, nikaongeza safuwima mpya mwishoni na kuandika maneno yake kama alivyoyasema. Programu ya takwimu haiwezi kuyasoma. Zile 12 nyingine siyakumbuki maneno yao. Nauli ya kurudi Singida ninayo, na wiki ijayo nitapanda basi la asubuhi.