Kidonge Kimoja, Maradhi Mawili

Palikuwa na dereva wa lori aliyekuwa akisafirisha mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Kisa chake kimetungwa kwa ajili ya funzo, lakini yaliyompata huwapata watu kweli, tena watu waliokuwa wazima wa afya miezi michache tu kabla.

Dereva huyu aliishi na VVU kwa miaka mingi na alishika dawa vizuri. Kila usiku alimeza kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Virusi vilifubaa hadi kipimo kikawa hakivioni, mwili ukarudi, na mkewe, aliyejua hali ya mumewe tangu mwanzo, akabaki bila maambukizi.

Siku moja kliniki ya CTC, yaani ya huduma na tiba kwa wanaoishi na VVU, ilimpima homa ya ini aina ya B, akakutwa nayo. Muuguzi akamwambia, "Kaka, una kirusi kingine, kinakaa kwenye ini. Nashukuru dawa unayomeza inavishika vyote viwili. Usije ukaiacha." Dereva alisubiri apewe kopo la pili la dawa, hakupewa. Kwa kuwa hakuongezewa kidonge, akahesabu kwamba hakuongezewa ugonjwa. Hata mkewe hakumwambia.

Balaa lilianzia barabarani. Vidonge vya ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, hukaa kwenye kopo la plastiki, na kopo hulia lori likipita kwenye mashimo. Kwa kumwogopa utingo wake, dereva akawa anahamishia vidonge vichache kwenye mfuko mdogo na kulificha kopo nyumbani. Safari moja foleni ya malori mpakani Kasumbalesa haikusogea, na vidonge vikamwishia akiwa bado upande wa Kongo. "Nitameza nikifika nyumbani," akajisemea. Alipofika alikuwa mzima, anakula na kulala vizuri, na mzigo mwingine ulikuwa unamsubiri bandarini. Tarehe ya kliniki ikapita asiumwe. Akaona kumbe mwili umeshapona, akawa mtoro wa dawa.

Haikupita miezi mingi, uchovu ukaanza kumshika akiwa kwenye usukani. Kikaja kichefuchefu, chakula kikamshinda, mkojo ukageuka rangi ya chai ya rangi. Alipofika Tunduma alinunua mseto wa malaria bila kupima damu, na kwa maumivu ya mwili akawa anameza panadoli kila yalipomrudia, bila kuhesabu. Jioni alikunywa bia ili apate usingizi. Utingo ndiye aliyeona kwanza: "Suka, mbona macho yako yamekuwa manjano?" Mwenyeji mmoja akasema huyu amerogwa, akamchemshia mizizi. Yote hayo, panadoli, bia na mizizi, yalipita kwenye ini ambalo tayari lilikuwa limevimba.

Alifikishwa hospitali mjini Mbeya tumbo limejaa maji. Daktari akamuuliza kama kuna dawa anayotumia kila siku. Akajibu, "Hakuna." Akaulizwa tena, akatikisa kichwa. Siku zikapotea wodini wakitafuta chanzo. Mkewe aliposhuka kwenye basi la kutoka Dar es Salaam, alimkuta anachanganya maneno. Alimsalimu daktari, akafungua mkoba wake, akatoa kadi ya CTC na kuiweka mezani.

Daktari aliisoma, akaagiza kipimo cha homa ya ini, kisha akamweleza: "Mama, dawa hii haikiui kirusi cha ini. Hukishikilia tu, kama breki inavyolishikilia lori kwenye mteremko wa Kitonga. Mzee aliiachia breki." Dawa zilirudishwa siku hiyohiyo, lakini ini lilikuwa limeshashindwa kazi. Dereva alifariki. Mkewe alipimwa, akakutwa hana homa ya ini, na akaanza chanjo. Aliambiwa pia arudie kipimo cha VVU, kwa sababu mumewe alipoacha dawa, kinga iliyomlinda yeye nayo iliondoka.

Msiba huo ulikuwa na mlango wa kuepukika, na ulikuwa ni kuelewa jambo moja. Tenofoviri na lamivudini hupambana na VVU na pia na kirusi cha homa ya ini B. Mgonjwa mwenye vyote viwili akiacha kidonge, VVU huchukua muda kuubomoa mwili, na ukimya huo humdanganya. Kirusi cha ini kinaweza kurudi kwa kishindo ndani ya wiki au miezi michache. Kinga ya mwili, ambayo ARV zilikuwa zimeipa nguvu, huzishambulia chembe za ini zenye kirusi, na katika vita hiyo ini lenyewe linaweza kufa. Ndiyo maana mwenye maambukizi yote mawili hana ruhusa ya kujaribu kuacha dawa aone itakuwaje. Na daktari akitaka kumbadilishia dawa, kwa mfano kwa sababu ya figo, mgonjwa amkumbushe kwamba ana homa ya ini, ili ini lisiachwe bila mlinzi.

Funzo la pili ni kwamba ini halilalamiki mapema. Nyama yake haina mishipa ya kuhisi maumivu, kwa hiyo mtu anaweza kuishi na kirusi miaka mingi bila dalili huku ini likiota makovu. VVU huharakisha safari hiyo kuelekea kusinyaa kwa ini na saratani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B ya kudumu, na kwamba ugonjwa huo uliua watu milioni 1.1 mwaka huo. Kusubiri macho yawe manjano ni kusubiri kuchelewa. Pima damu, na fuata ratiba ya vipimo vya ini unayopewa.

Ini lenye kirusi pia halistahili kubebeshwa mzigo mwingine. Acha pombe. Usizidishe panadoli, na mweleze daktari una homa ya ini kabla ya kuitumia. Mizizi na majani yasiyojulikana kipimo chake yaache. Mahindi na karanga zenye ukungu zitupe, kwa kuwa sumukuvu, sumu ya ukungu huo, ikikutana na homa ya ini B huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Sumu hiyo peke yake iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004. Ukipewa isoniazidi ya kuzuia kifua kikuu, itumie kama ulivyoelekezwa, na ukiona mkojo mweusi au macho ya manjano rudi kliniki mara moja.

Aibu nayo ina gharama. Dereva aliwaficha utingo na daktari, na alimficha mkewe nusu ya habari. Homa ya ini B haipiti kwenye sahani wala kwenye kupeana mikono. Hupita kwa damu, kwa kujamiiana, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na kwa nyembe za kuchangia, kwani kirusi chake huweza kuishi nje ya mwili siku 7. Mwenza asiye na maambukizi anaweza kupata chanjo, na mtoto mchanga anatakiwa apate ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Lakini huwezi kumkinga mtu ambaye hujamwambia.

Kwa mwenye kazi za safari: waeleze wahudumu wa kliniki mapema, maana wenye hali tulivu wanaweza kupewa dawa za hadi miezi 6. Beba akiba inayozidi siku za safari, na kadi yako isikuache.

Nawe unayeishi na VVU, ziara yako ijayo ya kliniki uliza hivi: "Nimepimwa homa ya ini B? Majibu yalikuwaje?" Ukiambiwa unayo, omba iandikwe kwenye kadi, mwambie mwenza wako, na usiache kidonge chako hata ukijisikia mzima.