Haki ya Paka Aliyefungiwa Ndani

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu Waislamu wa Migori na Homa Bay, huenda msomaji akastaajabu kuona tumeacha mambo makubwa ya umma tukashika habari ya paka. Nasi twasema: lau jambo hili lingekuwa dogo, Mtume (S.A.W.) asingalitupa habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili yake. Mwanamke yule alimfunga paka, asimlishe, wala asimwachilie akajitafutia wadudu wa ardhi, hata akafa. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na watoto wetu waijua. Lakini ni wangapi katika sisi walioizingatia?

Siku hizi wako miongoni mwetu wanaompeleka paka kwa daktari wa mifugo akahasiwe, au paka jike akatolewe kizazi, kwa kuwa wamechoka kuona watoto wa paka wakitupwa njiani na kufa njaa. Wanavyuoni wamehitilafiana katika jambo hili. Imamu Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafii, amekataza kuhasi mnyama asiyeliwa nyama yake. Wanavyuoni wa Kihanafi wameruhusu pakiwa na manufaa au pakiwa na madhara ya kuondolewa, na baadhi ya wanavyuoni wa zama hizi wameruhusu vilevile, kwa sharti mnyama asidhurike. Mwenye shaka na aulize kabla ya kisu. Ama kisu kikisha kupita, hitilafu ile haimwondolei paka haki yake hata chembe, wala haifai mabishano yetu yawe pazia la kufichia uvivu.

Basi litazameni hilo. Paka aliyepasuliwa hufungiwa chumbani siku kadha wa kadha ili kidonda kifunge. Kumfungia huko ni kwa heri yake, walakin amekwisha kuwa mfungwa: hawezi kuwinda panya, wala kushuka ufuoni akaokota omena. Riziki yake yote imekuwa mkononi mwa aliyemfungia. Na hapo ndipo watu wengi husema, "Chakula tumemwekea, hakula mwenyewe." Je, kuweka sahani ndiko kulisha? Abu Qatada (R.A.) alipomwona paka akija kwenye maji ya udhu aliyotiliwa na Kabsha binti Kaab, mke wa mwanawe, alimwinamishia chombo hata paka akanywa, kisha akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema kuwa paka si najisi. Hakuridhika kukiacha chombo mahali pake, alikiinamisha. Nasi twatakiwa tuinamishe chombo.

Kwanza yatupasa tujue sababu. Paka akitoka kwenye dawa ya usingizi, aghalabu hulewa na kuona kichefuchefu, na kidonda chamuuma. Tena paka huvutwa na chakula kwa kunusa kuliko kwa kuona. Pua ikidhoofika, chakula kwake huwa kama mchanga. Kwa hiyo jioni ya siku ile akila kidogo tu, msihangaike. Mpeni mahali pa joto, pakavu na penye utulivu, mbali na mbwa na watoto. Maji yawe karibu, na mchanga wa haja uwe mbali na chakula, kwani paka hachanganyi mawili hayo.

Kisha mchemshieni omena waliooshwa mchanga vizuri, au ngege aliyetolewa miiba yote. Msitie chumvi, wala pilipili, wala kitunguu maji, wala kitunguu saumu. Vitunguu ni sumu kwa paka. Mpeni kikiwa na uvuguvugu, mfano wa joto la mwili, kwani uvuguvugu huinua harufu. Mwagieni mchuzi wake kidogo juu ya chakula alichokizoea. Mpeni kiasi cha kijiko kimoja au viwili, mara nyingi kwa siku, na asipokigusa kiondoeni, mlete kingine baadaye. Mpakeni kidogo mdomoni alambe. Kaeni naye kwa upole, kwani wako paka wasiokula ila wakimwona mwenyewe yuko karibu. Msimmiminie chakula kooni kwa nguvu. Chaweza kuingia mapafuni. Wala maziwa ya ng'ombe si tiba, kwani paka wengi huwaharisha.

Na jihadharini sana na jambo hili: msimpe dawa ya maumivu ya wanadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli chatosha kumwua paka. Dawa ya maumivu ni ile aliyoitoa daktari wa mifugo, kwa kipimo chake.

Zikipita saa 24 tangu kurudi nyumbani naye hajala kitu, mwulizeni daktari. Siku ya pili isipite mkingojea. Paka akikaa na njaa, khasa aliye mnene, mafuta ya mwili wake humiminika katika ini hata likashindwa na kazi yake. Macho na fizi hugeuka manjano, na wengi hufa kwa hilo, si kwa kisu. Mtoto wa paka ni dhaifu zaidi, hangojewi hata hizo saa 24. Na mkiona fizi zimekuwa nyeupe, au kidonda chatoa damu au usaha, au paka atapika mara kwa mara, nendeni saa ile ile. Aliye Muhuru Bay, au kisiwani Mfangano ambako safari ni ya mashua, na aulize yote haya kabla hajaondoka kwa daktari, aandike na nambari ya simu.

Wako wanaosema paka huyu amepatwa na kijicho au amekumbwa na jini, wakamtundikia hirizi shingoni, wakatulia. Ndugu zetu, hirizi haishushi mafuta yaliyopanda katika ini. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha bedui amfunge ngamia wake kisha ndipo amtegemee Mola wake, wala hakumwambia amfunge hirizi. Ombeni dua, nayo ni ibada. Lakini dua ya mwenye kuombea kiumbe chenye njaa, na hali mkono wake umekaa bure, ni dua ya mtu anayekimbia amana.

Hatukumwumba paka, wala hatukumpa pumzi. Tulimtaka alinde omena na nafaka zetu na panya, naye akalinda. Tukamtia kisu pasi na yeye kujua kwa nini. Basi Siku ya Hesabu tusije tukasimama pamoja na mwanamke yule, hali milango yetu ilikuwa imefungwa kama wake, na tofauti yetu naye ni sahani tu iliyokauka.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kuwarehemu walio duniani, wapate kurehemiwa. Amin. Wabillahi tawfiq.