Uzuri wa Saa Sita Usiku
Mwaka 1976 Mickey Gilley, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alivuma kwa wimbo wa mzaha: kadiri baa inavyokaribia kufungwa, ndivyo kila msichana anavyozidi kupendeza, hata machoni pa mteuzi.

Je, uzuri umo usoni, au machoni pa mtazamaji?

Mwanasaikolojia James Pennebaker na wenzake waliingia baa kuuliza. Saa tatu, saa nne na nusu na saa sita usiku, wateja waliwapa alama, moja hadi kumi, watu wa jinsia nyingine waliokuwamo. Matokeo ya 1979: alama zilipanda. Za jinsia yao hazikupanda, kwa hiyo bia peke yake haitoshi kuwa kisingizio.

Mwanafalsafa David Hume, mwaka 1757, alitaka hakimu wa uzuri asiwe na upendeleo. Mnywaji wa saa sita hafai, bila shaka. Ila yule wa saa tatu naye ana wake: bado anaamini mlango utafunguliwa, aingie mwingine.