Wanangu, Walipeni Vibarua

Wanangu, nimechoka. Maneno haya nimeyasema kwenye vikao vya ukoo mpaka baadhi yenu mkiniona nasimama mnatoa simu mfukoni. Nitayasema tena, kwa sababu juzi jioni, kwenye njia ya kutoka Katumba, nilipishana na mama mmoja aliyeshinda akipalilia chai ya mmoja wenu, mtoto mgongoni na jembe begani. Nikamuuliza kama amelipwa. Akajibu, "Ameniambia nirudi mwezi ujao, babu." Mwezi ujao! Na mwenye shamba ni damu yangu.

Babu zenu walikuwa vibarua. Leo ninyi ndio matajiri, na kinachoniuma ni kuona jinsi mlivyojifunza upesi tabia za matajiri wa zamani.

Mjerumani alipoweka boma lake hapa Tukuyu na kupaita Neu Langenburg, hakuhitaji kumfunga kila mtu kamba ili amtumikishe. Kodi ya kibanda ilitosha. Ilitangazwa mwaka 1897, rupia 3 kwa nyumba, na mwenye migomba na ng'ombe hakuwa na rupia hata moja. Rupia zilikuwa kwa Mzungu. Ukizitaka umfuate, ufanye kazi yake kwa bei yake. Mwingereza alipochukua nchi alibadilisha sarafu, kodi akaiacha palepale.

Basi vijana wa Rungwe wakashika njia. Dhahabu ilipogunduliwa Lupa, huko Chunya, mwaka 1922, walipanda milima kwa miguu kuifuata. Wengine walivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Wengine, akiwamo baba yangu, walikwenda Wenela, wakala aliyekusanya watu wa kuchimba dhahabu Afrika Kusini.

Huko kwenye shaba lilitokea jambo mwaka 1940 ambalo nataka mlishike. Mwezi Machi wachimbaji Wazungu wa Mufulira na Nkana waligoma wakidai nyongeza. Wakaitwa mezani, wakapewa. Siku chache baadaye Waafrika waliochimba nao shaba ileile wakagoma kudai yao. Tarehe 3 Aprili, pale Nkana, askari waliwafyatulia risasi, wakafa watu 17. Mgodi mmoja, dai moja. Huyu akaongezwa mshahara, yule akazikwa.

Kuna familia moja ambayo habari zake zinafaa zijulikane zaidi hapa kwetu. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica walikuwa Rungwe wakiandika mila na maisha ya Wanyakyusa, na kitabu cha Monica, Good Company, kilitoka mwaka 1951. Mtoto wao Francis akawa mwanauchumi. Mwaka 1972 alichapisha hesabu za mishahara ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ileile iliyowameza vijana wa vijiji alivyoviandika mama yake. Akaonyesha kwamba mshahara wa mchimbaji mweusi mwaka 1969, ukiupima kwa vitu unavyoweza kununua, haukuzidi ule wa mwaka 1911. Mwaka 1911 Mzungu alilipwa takriban mara 12 ya mweusi. Kufikia 1969 ilikuwa takriban mara 20. Karibu miaka 60 dhahabu inatoka, na anayeichimba hasogei hata hatua.

Baba alirudi na baiskeli, mablanketi na kifua. Baiskeli ilichakaa, mablanketi tukajifunika mpaka yakaisha, kifua hakikupona mpaka tulipomzika. Mwaka 2018 kampuni kadhaa za dhahabu za Afrika Kusini zilikubali kuwalipa fidia wachimbaji walioharibiwa mapafu na vumbi la mawe au waliopata kifua kikuu. Lakini fidia hiyo ni ya waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Serikali yetu ilikuwa imeshafunga mlango wa Wenela baada ya Uhuru. Kwa hiyo baba yangu na wenzake wamebaki nje ya tarehe, na hakuna wa kumdai.

Sasa nirudi kwenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na siku 84 zenye malipo kwa mama aliyejifungua. Mnaijua, maana wengine wenu mnafanya kazi ofisini na likizo zenu hamzikosi. Kisha mnakuja shambani mnamwajiri mtu kwa siku, leo, kesho, keshokutwa, msimu hadi msimu, ili asifikie kuitwa mwajiriwa. Akiugua, hamumjui. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mfanyakazi wa kilimo. Kilikuwa kidogo, na bado kuna asiyekifikia.

Nimesimama kwenye banda la mizani siku ya mvua, na hapa kwetu mvua si ya kuombwa. Mchumaji amefunga nailoni kiunoni, vidole vimepauka, amechuma majani mawili na chipukizi tangu alfajiri. Kikapu kinatundikwa, mshale unasimama kwenye kilo 17 na ushee. Karani anaandika 15. Nikauliza. Akaniambia moja ni ya maji, nyingine ni ya kikapu, na ule ushee hauandikwi. Mchumaji hakusema neno, alishika kikapu chake akarudi shambani. Ushee ule, siku kwa siku, ndio ada ya mtoto wake.

Mtaniambia na ninyi mnaonewa. Ni kweli, wala sibishi. Mkulima mdogo wa chai anapeleka majani kiwandani na kusubiri fedha miezi kadhaa. Mnunuzi wa maparachichi anakataa nusu ya kreti kwa alama ndogo kwenye ganda. Ninayajua hayo, na mkienda kudai nitakwenda nanyi, na mkongojo wangu huu. Lakini kiwanda kikikuchelewesha, unamchelewesha kibarua. Kibarua amcheleweshe nani? Mzigo wote unatua kwa mtu ambaye leo jioni hana unga.

Na yule binti wa kazi? Tunamwita ndugu ili tusimlipe. Tunasema tunamlea kama mtoto wetu, na saa ambayo watoto wetu wanavaa sare za shule yeye yuko kwenye ndoo na deki. Amri ileile ya 2023 ilimpa anayelala kwa mwajiri shilingi 60,000 kwa mwezi. Ni nyumba ngapi za ukoo huu, Mbeya na Dar es Salaam, zinatoa hizo? Na zinazotoa, ni ngapi zinazitia mkononi mwake badala ya kumtumia shangazi aliyemleta?

Wamisionari wa Moravian walifika hapa Rungwe mwaka 1891, na Waraka wa Yakobo tunausoma kanisani. Sura ya tano inazungumzia mshahara wa waliovuna mashamba ya matajiri. Kaisomeni wenyewe, siwasomei.

Ninachowaomba ni haya. Andikeni kilo zote, na mchumaji apewe karatasi yake. Malipo ya wiki yatoke Jumamosi, hata kama itabidi muuze mkungu wa ndizi. Binti wa kazi apokee fedha yake kwenye namba yake. Kama huna fedha ya kibarua, palilia mwenyewe, kama nilivyopalilia mimi. Jumamosi hii nitapita shamba kwa shamba, na nitakaowauliza si ninyi, ni wao.