Nakala ya Nyanya

Nimepewa jina la nyanya yangu, mamake baba. Ndiyo maana baba huniita "mama", na mashangazi wakiniona nimeshika kiuno husema, "Ona, amerudi!" Kwetu watu walianza kurudi kabla ya maabara. Kwa hivyo mtu akiniambia kloni ni dhambi kwa sababu binadamu hafai kurudiwa, sishtuki sana.

Kondoo Dolly alizaliwa Scotland mwaka wa 1996, kutokana na seli ya kiwele cha kondoo mzima. Lakini swali ambalo filamu hupenda kuuliza halihusu kondoo: je, mtu akinakiliwa, huyo nakala ni mtu kweli?

Katika Never Let Me Go (2010), watoto wanalelewa katika shule ya bweni Uingereza ili wakikua watolewe viungo, kimoja baada ya kingine, hadi wafe. Michoro yao inakusanywa. Kwa nini? Kuna watu waliotaka kuthibitisha kwamba watoto hao wana roho. Walikuwa na nia njema, sikatai. Lakini kwani ni nani anayefaa kuulizwa kama ana roho: anayetolewa figo, au anayeipokea bila kuuliza imetoka wapi?

Halafu kuna Moon (2009). Sam Bell anachimba heliamu-3 mwezini, peke yake, kwa kandarasi ya miaka mitatu. Anahesabu siku arudi kwa mkewe na bintiye. Anapata ajali, kisha anakutana na Sam mwingine. Wanagombana: orijino ni nani? Kumbe wote wawili ni nakala, na wengine wamelala chini ya kituo wakingoja zamu. Mmoja akichoka anateketezwa, mwingine anaamshwa.

Ila Sam hawa hawafanani. Mmoja ni mpole, mwenzake ana hasira za karibu. Jeni ni zile zile, kumbukumbu ni zile zile. Kilichowatenganisha ni ile miaka mitatu ya upweke. Basi kunakiliwa si kosa. Kosa ni kwamba kazi yao ilipangwa kabla hawajafungua macho, na hakuna aliyewauliza.

Hapo ndipo filamu inanigusa mimi. Nyanya alikuwa mwalimu, na tangu nikiwa mdogo niliambiwa nitafundisha. Siku niliyosema sitaki, baba alininyamazia siku mbili. Ya tatu akapiga simu: "Mama, umekula?" Jina lilibaki. Kazi akaiachilia.

Nadhani mtihani ni huo, kwa wazazi na kwa wanasayansi pia. Ukimleta mtu duniani, kwa njia yoyote ile, uko tayari siku moja akuambie hapana?

Sam hakupewa hata nafasi ya kusema.