Mtoto Huanza Kuacha Shule Akiwa Bado Darasani

Jumamosi iliyopita nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ya kata, nikiwa mlezi wa mpwa wangu anayesoma kidato cha pili. Ajenda zilikuwa zile tunazozijua: mchango wa chakula cha mchana, madawati, choo cha wasichana. Ilipofika zamu ya utoro, mwalimu wa taaluma alisimama na karatasi, akasoma majina ya watoro sugu, wale ambao shule imekwisha kuwapeleka kwa mtendaji wa kata. Wazazi wao wakaambiwa wasimame mmoja mmoja wajieleze.

Baba mmoja alisema mtoto amekimbilia mjini kwa kaka yake. Mwingine alisema wa kwake anaendesha bodaboda ya watu na haambiliki. Kisha akasimama mama mmoja, mtoto mchanga mgongoni, akaongea kwa sauti ndogo mpaka tukalazimika kunyamaza.

"Mwalimu, nisamehe. Mimi sikumzuia. Nauli sina, lakini kwa mguu alikuwa anafika. Siku moja akaniambia, mama, kule mimi nakaa tu. Nikamchapa, akaja. Baada ya muda akasema tena vile vile, mama, nakaa tu."

Watu walicheka. Mwalimu akamjibu kwamba mtoto asiyependa kusoma husimamiwa na mzazi wake, kisha akaita jina linalofuata.

Shule ile haina ukumbi, kwa hiyo tulikuwa tumekaa katika maabara ya baiolojia. Meza ndefu za zege, masinki makavu, bomba lisilotoa maji. Kwenye kona kulikuwa na kabati la kioo lenye kufuli, na ndani yake hadubini zilizokuwa bado zimevikwa mifuko yake ya nailoni. Mkutano ulipoisha nilimuuliza mwalimu mmoja kijana kama watoto wanazitumia. Alinijibu kwa heshima na bila kuficha: "Tunazitunza, mzee, zisije zikaharibika. Kidato cha nne huzitumia wakati wa mitihani."

Tangu siku hiyo maneno yale mawili hayajaniacha: nakaa tu. Mtoto wa yule mama alikaa miaka miwili hatua chache kutoka kwenye chombo ambacho kingemwonyesha seli za ganda la kitunguu kilichotoka jikoni kwa mama yake, na hakuna aliyemwita aje atazame. Alipoondoka, tulimwandika mtoro. Mimi nasema alikwisha kuondoka zamani, akiwa bado anaitikia jina lake asubuhi. Miguu ndiyo iliyochelewa.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa utoro ni umaskini: njaa, umbali, mimba, minada, machimbo, uvuvi, boda. Nitaambiwa mwandishi wa mjini anazungumzia hadubini wakati mtoto hajala tangu jana. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu ni kweli kwamba tumbo tupu halisikilizi. Ada ilipoondolewa kuanzia mwaka 2016, watoto walimiminika shuleni. Hilo peke yake linathibitisha kwamba fedha ilikuwa kizuizi. Anayepigania uji shuleni na hosteli za wasichana wanaopanga vyumba vya mitaani anapigania jambo la haki, na mimi niko upande wake.

Lakini nendeni gereji yoyote. Mtamkuta kijana wa miaka kumi na sita aliyeacha shule kidato cha pili. Anatoka mbali kwa miguu. Hali chakula cha mchana mpaka mteja akumbuke kumpa chochote. Fundi wake anamtukana, na miezi ya mwanzo halipwi hata senti. Umaskini wa nyumbani kwao ni ule ule uliosemwa kuwa ndio uliomtoa shule. Hata hivyo kesho alfajiri atakuwepo, na keshokutwa. Anavumilia kwa sababu jana hakujua kufungua kabureta na leo anajua, na siku fundi akiwa hayupo ataachiwa pikipiki ya mtu. Anaona elimu ikiingia mikononi mwake. Kama njaa na umbali vingekuwa ndiyo maelezo yote, gereji zetu zisingekuwa na vijana hata mmoja.

Kijana huyo huyo ukimuuliza kwa nini injini inapoteza nguvu pete za pistoni zikilika, atakueleza habari ya mgandamizo wa hewa vizuri kuliko ilivyoandikwa kwenye daftari alilolitupa. Daftari lile alilijaza kwa kunakili ubaoni, kwa Kiingereza ambacho hakikumwingia, sentensi zinazohusu gesi na mgandamizo, akapata F ya fizikia. Tulimpima kitu anachokijua kwa namna ambayo isingeweza kuonyesha kwamba anakijua.

Huwa tunazungumza juu ya sayansi na juu ya utoro kama mambo mawili ya ofisi mbili tofauti. Moja lina semina zake na kaulimbiu za viwanda; la pili lina mgambo na barua za mtendaji. Kwa mtoto ni jambo moja. Kidato cha kwanza anakutana na fizikia, kemia na baiolojia, masomo yanayohusu mwili wake, shamba la baba yake na moto wa jikoni kwao, na ndiyo hayo hayo yanayofundishwa kwa imla. Kidato cha pili kuna upimaji wa kitaifa, na asiyefaulu anakariri darasa. Ukifika mwanzo wa kidato cha tatu, wengi wanakimbia fizikia na kemia kwa shangwe. Wasiokuwa na pa kukimbilia wanakimbia shule yenyewe.

Tumewahi kushtuka. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa karibu sita katika kila kumi walikuwa wamepata ziro. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Mwaka 2012 huo huo Rais Jakaya Kikwete alikuwa ameagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu. Wananchi tukachanga, kata baada ya kata, nyumba kwa nyumba. Wakuu wa wilaya wakakesha na mafundi. Muda ukasogezwa hadi 2015. Sikubaliani na wanaobeza kazi ile. Watu wa kipato kidogo walitoa mifuko ya saruji kwa ajili ya kemia, na mimi naona hiyo ni mojawapo ya heshima kubwa ambazo nchi hii imewahi kuipa sayansi. Ndiyo maana inaniuma kuona jengo lililojengwa kwa mchango wa mama yule likitumika kumsimamisha mbele ya watu, wakati mwanawe hakuwahi kulitumia.

Baada ya kuta tulihitaji walimu. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati walirudishwa nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Baadhi baadaye walipangiwa vyuo vya ualimu. Nani alikosea, wabishane wanaopenda kubishana; pigo lenyewe liliangukia shule zile zile za pembezoni, ambako mwalimu mmoja wa fizikia hufundisha vidato vyote vinne, na akiugua, somo limeugua.

Kwa hiyo simlaumu mwalimu kijana aliyenijibu. Ana watoto wengi kupita kiasi, muhtasari wa kumaliza kabla ya mtihani wa moki, na hadubini ambayo ikivunjika ataandika maelezo. Hajawahi kuulizwa na mkubwa wake ni watoto wangapi wameshika kifaa. Huulizwa wangapi wamefaulu na vifaa vingapi vipo. Mtu hulinda kile anachoulizwa.

Hapo namkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Maziwa huchemshwa, hutiwa sukari, huachwa yapoe, ndipo huwekwa kwenye jokofu. Akiogopa kukosa nafasi, aliyaweka ya kwake yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeyaweka yakiwa baridi. Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akafanyiwa mzaha kwamba hiyo ni fizikia yake mwenyewe, na darasa likapata utani wa kumchokozea. Siku Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea shule, Mpemba aliinuka akauliza kwa mara nyingine, na wenzake wakamcheka. Osborne alirudi chuoni akataka jambo lile lijaribiwe. Mwaka 1969 makala yao wawili ilichapishwa katika jarida la fizikia la Uingereza, na wanasayansi wa dunia wanabishana juu yake mpaka leo: lini hutokea, kwa nini, na wengine hata wanahoji kama kweli hutokea.

Simulizi hii tunaisimulia kwa fahari, na tuna haki. Lakini tuitazame tena. Swali lililobeba jina la Mtanzania duniani lilitoka kwenye sufuria ya maziwa, wala si maabara, na lilizimwa mara mbili na watu waliolipwa kufundisha fizikia. Liliokoka kwa sababu mwenye nalo alikuwa na ukaidi wa ajabu na kwa sababu mgeni alipita. Tuna watoto wangapi wenye swali la namna hiyo bila ukaidi ule? Wanachekwa na wenzao, wananyamaza, wanaanza kukaa tu.

Atainuka mwingine aseme: bila vifaa utafundishaje kwa vitendo? Walimu wa zamani wana neno kufaragua, na walilitenda. Maji ya choya yakikamuliwa ndimu hubaki mekundu. Yakitiwa magadi hugeuka, yakaelekea ukijani. Hiyo ni asidi na besi, kwa vitu vya genge. Tone la iodini kutoka zahanati likidondoshwa kwenye kipande cha muhogo, pale pale panakuwa buluu ya kiza, na mtoto aliyekula muhogo maisha yake yote anaiona wanga kwa mara ya kwanza. Somo hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji mwalimu asiyeogopa kuulizwa jambo asilolijua, na mkuu wa shule ambaye akisikia kelele katika darasa la kemia hatadhani nidhamu imeporomoka.

Linahitaji pia lugha. Mtoto anamaliza darasa la saba akiwa amesoma sayansi kwa Kiswahili, anavuka likizo moja, anakuta kila kitu kimegeuzwa. Wapo wanaoamini kwamba kumfundisha fizikia kwa Kiswahili ni kumfungia dunia. Nawaomba wakakae nyuma ya darasa la kidato cha kwanza katika shule ya kata kwa kipindi kimoja, wasikilize ni watoto wangapi wanauliza swali. Msamiati upo: kamusi sanifu ya baiolojia, fizikia na kemia ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1990, kabla wazazi wengi wa wanafunzi hawa hawajafikiria kuoana. Mtoto na afundishwe Kiingereza vizuri, kwa vipindi vyake na walimu wake. Lakini swali la kwanza la sayansi alitoe kwa lugha anayoiotea.

Novemba 2021 Serikali iliwafungulia mlango wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, warudi katika shule za kawaida. Nilifurahi sana siku hiyo. Hata hivyo binti anayemwachia bibi mtoto, akavumilia macho ya watu na kurudi, anarudi kwenye nini? Akikuta ubao ule ule na kabati lile lile lenye kufuli, ataondoka mara ya pili, na hapo hatutakuwa na waraka wa kumrudisha.

Sasa Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, inataka kila mtoto asome miaka 10 kwa lazima. Naiunga mkono. Ila lazima ina pande mbili: tukimlazimisha mtoto kukaa miaka 10, nasi tumejilazimisha kumpa cha kufanya humo. Kabla ya kumwandikia mzazi barua ya mahakama, bodi ya shule iwe imejiridhisha kwamba mtoto huyo aliwahi kushika kipima joto, kuwasha balbu kwa betri, kuangalia jani kwa hadubini. Wathibiti ubora wanapokuja na fomu zao, wasiridhike kuandika kwamba maabara ipo na vifaa vipo. Wadai daftari la maabara, waangalie kidato cha kwanza kimeingia humo mara ngapi tangu Januari, na ukurasa ukiwa mtupu waandike hivyo kwenye taarifa, kwa wino ule ule wanaoandikia idadi ya watoro. Hadubini iliyovunjika mikononi mwa watoto mia mbili inunuliwe nyingine, na mwalimu aliyewaachia wakaishika asiandikishwe maelezo.